Usimkalishe Shosho: Kumtunza Mzee Nyumbani, Thika na Ruiru

Mama amefikisha miaka 78, nanyi watoto mmekubaliana kwamba hatabaki tena peke yake kule shambani, iwe ni Gatundu au ng'ambo ya mto Chania upande wa Gatanga. Mmemleta Ruiru, ghorofa ya tatu. Ana chumba chake, runinga, na msichana wa kumpikia. Anaambiwa akae apumzike, ametulea vya kutosha. Chai analetewa, maji ya kuoga analetewa, hata kijiko kikianguka anaokotewa. Baada ya miezi michache mnaanza kushangaa: mtu aliyekuwa akipanda mteremko na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni sasa anashika ukuta kwenda chooni. Mnasema ni uzee, lakini mara nyingi kilichomlegeza ni kile kiti mlichomkalisha kwa upendo.

Kazi ya kwanza ya anayemtunza mzee ni kulinda yale ambayo mzee bado anaweza kuyafanya. Kumsaidia pale anaposhindwa ni kazi ya pili. Ukizigeuza, utamhudumia sana na kumdhoofisha haraka. Umoja wa Mataifa umeutenga mwongo wa 2021 hadi 2030 kwa ajili ya uzee wenye afya, na Shirika la Afya Duniani huwashauri walezi waangalie mambo sita: kutembea, kula, kuona, kusikia, kumbukumbu, na hali ya moyo. Nitayagusa yote, ila si kwa uzito sawa, maana hapa kwetu baadhi yake yanasahauliwa zaidi ya mengine.

Miguu kwanza

Miguu ikishindwa, mengine hufuata upesi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio dogo: wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10 tu, chakula kikiwepo, na wakapoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hizo ni siku ambazo mzee huzimaliza akiuguza homa ya Julai, na hakuna anayemwambia kwamba misuli hiyo hairudi yenyewe, ni lazima aitafute tena.

Mpime leo. Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, kiegemeze ukutani kisiteleze. Mwambie akunje mikono kifuani, kisha asimame na kuketi mara tano mfululizo kwa kasi anayoiweza, nawe ukiwa umesimama karibu naye. Akimaliza ndani ya sekunde 14, miguu ingali na nguvu. Akizidi hapo, au akishindwa kuinuka bila kujisukuma kwa mikono, hilo ni onyo.

Dawa yake inaanza na kiti hicho hicho. Asimame na kuketi mara tano asubuhi kabla ya chai, mara tano jioni. Wiki inayofuata ziwe sita. Baada ya hapo ashike ukingo wa sinki au meza nzito, anyanyue mguu mmoja kidogo, ahesabu hadi kumi, kisha abadilishe. Huo ni mtihani wa mizani, na mizani ndiyo inayomzuia mtu kuanguka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mazoezi ya mizani na nguvu angalau siku tatu kwa wiki, na jumla ya dakika 150 za kutembea au kazi nyingine ya kuchangamsha mwili. Ukizigawa, ni dakika 20 na ushei kwa siku. Kama anaumwa kifua, anaishiwa pumzi au amefanyiwa upasuaji karibuni, muulize daktari kwanza.

Atembee wapi? Swali hili ni la kweli kwa wakazi wa huku. Thika ina mitaa tulivu, Section 9 ni mfano mzuri, na sehemu za Ngoingwa pia. Kimbo au Githurai ni habari nyingine: bodaboda hupanda hadi kwenye njia ya waendao kwa miguu, na mtaro hauna kifuniko. Hapo mtoe asubuhi jua linapotoka, kabla ya msongamano, au azunguke ndani ya uwanja wa ploti. Uwanja wa kanisa siku ya katikati ya wiki huwa mtupu na sakafu yake ni sawa. Mwombeni mchungaji, sidhani atakataa. Na mkienda kliniki kwa matatu, fikirieni vivuko vya juu vya barabara kuu ya Thika. Tangu barabara hiyo izinduliwe 2012, vivuko hivyo vimeokoa watu wengi, lakini kwa goti bovu ni mlima. Afadhali mlipe nauli zaidi mshukie upande unaotakiwa kuliko kumwacha mzee akishawishika kukimbia katikati ya magari.

Fimbo si aibu. Urefu wake sahihi ni ule unaofika kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono akiwa amesimama wima, mikono imening'inia. Aishike upande ulio kinyume na mguu unaouma. Wengi huishika upande ule ule, na goti linabaki kubeba mzigo wote. Chini yake iwe na mpira. Fundi wa viatu anaweza kuuweka kwa kipande cha tairi.

Kama bado hamjakodi nyumba, tafuteni ya chini. Mzee aliye ghorofa ya nne bila lifti anakuwa mfungwa taratibu: kwanza anaacha kwenda sokoni, halafu kanisani, mwishowe haoni jua.

Pale anapoangukia

Wazee wengi huanguka nyumbani, tena kati ya kitanda na choo. Basi usiku mmoja zima taa zote, shika njia hiyo mwenyewe, uone mguu wako unagonga nini. Ondoa zulia linalokunjika, waya wa chaja, ndoo ya maji iliyoachwa mlangoni. Funga tochi kwa kamba kitandani, kwa sababu stima itapotea, na itapotea usiku. Slipa za kuchomeka kidole ziishie kuoga tu. Kwa kutembea anahitaji kiatu kinachoshika kisigino.

Bafuni, vigae vyenye maji ni hatari kuliko ngazi. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea chuma cha kushikilia, kifungwe ukutani kwa skrubu ndefu karibu na choo na mahali pa kuogea. Weka kiti cha plastiki chenye miguu mipana aoge ameketi. Kama choo ni cha kuchuchumaa au cha shimo nje ya nyumba, seremala atatengeneza kiti cha mbao chenye tundu cha kukalia juu yake. Usiku awe na ndoo yenye kifuniko chumbani. Wazee wengi huona haya kuiomba. Iweke bila kumwuliza, na aimwage mtu ambaye hatalalamika.

Mfundishe kuinuka kwa vituo: aketi ukingoni mwa kitanda, acheze vifundo vya miguu kwa dakika moja, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Mtu wa presha akiinuka ghafla, damu huchelewa kufika kichwani, na hapo ndipo wanapoanguka wengi ambao hatimaye husema "sijui nilianguka vipi".

Akianguka na akashindwa kusimama, usimvute. Tazama kama mguu mmoja umekuwa mfupi au umegeukia nje. Hiyo yaweza kuwa nyonga iliyovunjika. Mfunike, ita gari, na mumbebe akiwa amelala. Na hata kama ameinuka mwenyewe, mwangalie kwa siku kadhaa, hasa ikiwa alipiga kichwa au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kichwa kikizidi kuuma, au akisinzia isivyo kawaida, ni hospitali.

Mfuko wa dawa

Mwaga dawa zake zote mezani. Zote: za hospitali ya serikali, za kliniki ya kibinafsi, za duka la dawa la kona, za unga alizonunua kwa mtu mwenye kipaza sauti sokoni, na zile alizopewa na rafiki yake wa kanisani kwa sababu zilimsaidia. Nikichagua jambo moja katika mwongozo huu la kufanya kabla ya kesho, ni hili. Utakuta dawa moja ikiwa na majina mawili, kila moja kutoka kwa mhudumu tofauti, na mzee anameza zote mbili kwa utiifu.

Soma jina dogo lililo chini ya jina la kampuni; hilo ndilo jina halisi. Andika orodha: jina, nguvu yake, saa ya kumeza, nani aliiandika na kwa ugonjwa gani. Nakala moja ibandikwe kabatini, nyingine ikae kwenye kitambulisho chake. Kila akienda kliniki mfuko wote uende naye, na ulizeni swali hili kwa heshima lakini bila woga: "Daktari, kuna ambayo anaweza kuiacha?"

Baadhi ya mambo ya kujua. Amlodipine, dawa ya presha itumikayo sana, inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Mzee akivimba, hutokea apewe dawa ya kutoa maji mwilini, na ile inamkimbiza chooni usiku, na huko anaanguka. Mwambieni daktari kuhusu uvimbe huo, na kwamba ulianza baada ya dawa gani. Dawa za kuongeza mkojo, kama hydrochlorothiazide, kwa kawaida humezwa asubuhi. Metformin ya sukari huenda na chakula. Glibenclamide, dawa nyingine ya sukari, ni hatari kwa mzee asipokula: akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuongea ovyo, mpe haraka maji yenye sukari au soda ya kawaida kama anaweza kumeza. Kama hawezi, usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Hapa nisisitize habari ya kufunga kwa maombi. Kina mama wengi wa makanisa yetu hufunga na wakati huohuo humeza dawa za sukari asubuhi. Imani yao naiheshimu. Zungumza na daktari pamoja na kiongozi wake wa maombi kabla ya mfungo, wapange namna ambayo haitamwangusha.

Kisha kuna dawa za maumivu. Diclofenac na ibuprofen, ziwe za kumeza au sindano ya haraka ya "goti", zinapandisha presha, zinachubua tumbo, na zinaumiza figo, hasa kwa mzee anayemeza tayari dawa za presha. Kwa maumivu ya kila siku anza na paracetamol kwa kipimo sahihi, kitambaa cha maji moto, na yale mazoezi ya kiti, kwa sababu paja lenye nguvu hupunguza mzigo wa goti.

Presha ipimwe akiwa ametulia: ametoka chooni, ameketi dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, mkono umelazwa usawa wa moyo, na hakuna anayeongea. Andika namba na tarehe kwenye daftari. Mara moja moja ipime tena akiwa amesimama dakika moja au mbili. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, peleka habari hiyo kliniki. Na asiache dawa kwa kuwa "anajisikia vizuri". Presha huua watu wanaojisikia vizuri.

Sahani yake

Mzee wa kwetu hafi kwa kukosa wanga. Chai na mkate asubuhi, uji saa nne, wali au githeri mchana, chai tena jioni: tumbo limejaa, misuli ina njaa. Wataalamu wa lishe hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wa mzee kwa siku, yaani mama wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina karibu gramu 6, kikombe cha maziwa karibu 8, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa karibu 15. Fanya hesabu ya sahani yake ya jana uone. Kama ana ugonjwa wa figo kipimo hubadilika, na daktari ndiye aseme.

Mara nyingi tatizo ni meno. Anakataa nyama, na familia inadhani hapendi. Njahi zikipikwa zikaiva kabisa kisha zikapondwa na ndizi, hazihitaji gego. Ndengu, mayai, maziwa lala, omena zilizokaangwa zikasagwa na kuchanganywa kwenye mboga, mukimo uliolainishwa kwa supu ya kuku, terere na managu zilizokatwa ndogo. Nduma na ngwaci asubuhi badala ya mkate mweupe. Mkabidhi yeye usimamizi wa chungu. Anajua kupika njahi kuliko wewe.

Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai, na humo hesabu vidonge vya mchuzi. Badilisha kwa dhania, kitunguu saumu na limau. Maji anywe hata bila kiu, kwa kuwa kiu hupungua na umri. Wengine hujinyima maji makusudi wasisumbue mtu kwa safari za choo, na ukishaweka ile ndoo chumbani utaona anaanza kunywa. Mwenye moyo unaoshindwa kusukuma damu afuate kiasi alichopewa na daktari.

Juni hadi Agosti

Baridi ya Kiambu katika miezi hii huingia mifupani, na watu huingiza jiko la makaa chumbani kwa mzee, wakafunga madirisha. Usifanye hivyo hata usiku mmoja. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na mtu hulala asiamke. Mpe soksi, kofia ya sufu, blanketi mbili, na chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa isije ikamchoma. Kama ni lazima jiko liwake, liwake mlango ukiwa wazi, kisha litolewe nje kabla ya kulala.

Mzee mwenye nimonia anaweza asiwe na joto wala kikohozi kikubwa. Dalili inaweza kuwa kukataa kula, kupumua haraka, au kuchanganyikiwa tu.

Macho, masikio, na akili

Ukungu machoni usiukubali kama sehemu ya uzee. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na katika kaunti hii hii kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu kinajulikana kwa kazi hiyo. Anayepandisha sauti ya redio kila siku achunguzwe masikio; huenda ni nta tu, ila isitolewe kwa njiti ya kiberiti. Ukiongea naye, kaa mbele yake mwanga ukiwa usoni mwako, sema polepole, usipige kelele.

Kuhusu akili, jiulize kwanza: hali hii imekuja lini? Mzee aliyekuwa timamu Jumapili na Jumanne anaita watu waliokufa, huyo ni mgonjwa wa dharura. Yaweza kuwa maambukizi ya mkojo, nimonia, sukari iliyoshuka, choo kilichofunga siku nyingi, au dawa mpya. Mengi ya haya hutibika.

Usahaulifu unaokuja taratibu kwa miezi na miaka ni jambo tofauti: anauliza swali moja mara tano, anapotea njia ya nyumbani, anaweka pesa kwenye debe la unga na kumshuku mfanyakazi. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Haujatokana na laana wala uchawi, na nalisema hili kwa uzito kwa sababu Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, kina mama wazee wanne waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Tabia ngeni za mzee zikikosa jina la ugonjwa, majirani hutafuta jina lingine. Mpeleke apimwe, kisha waambie majirani na kiongozi wa Nyumba Kumi anaumwa nini. Shona namba yako ya simu ndani ya kola ya sweta yake. Akisema anataka kwenda nyumbani naye yuko nyumbani, usibishane. Mwulize habari za huko nyumbani, tembeeni kidogo uani, mrudi mnywe uji.

Kiharusi kina saa yake. Uso umeenda upande, mkono mmoja umelegea, maneno hayatoki sawa: tazama saa, kumbuka mara ya mwisho alipokuwa mzima, ondoka. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya kichwa. Usingoje asubuhi, usimpe aspirini kabla hajapigwa picha. Ulizia sasa, ukiwa huna haraka, ni hospitali gani iliyo karibu nawe ina mashine ya picha hiyo na inafanya kazi usiku, iwe Thika Level 5 au ya kibinafsi, na uwe na namba za madereva wawili wanaoishi karibu.

Upweke

Kule shambani alisalimiwa na watu ishirini kabla ya saa nne. Ghorofani hajui jina la jirani. Huzuni ya mzee mara nyingi haisemi "nina huzuni". Husema tumbo linauma, usingizi hakuna, chakula hakina ladha. Mtafutie jumuiya ya kanisa iliyo jirani au chama cha kina mama, na siku ya mkutano nauli iwepo. Guka aliyezoea kukaa na wenzake kituoni naye atafutiwe kituo kipya. Mwekee redio ya lugha yake, Inooro au Kameme, asikie matangazo ya vifo na bei ya kahawa, maana hiyo ndiyo dunia yake.

Na mpe kazi. Gunia la udongo kwenye roshani linatosha sukuma na vitunguu. Achague maharagwe, amenye minji, amfundishe mjukuu Kikuyu. Pale ambapo kazi yake haiendi vizuri, vumilia. Sahani iliyooshwa nusu na mama ni bora kuliko mama asiyeosha kitu.

Haki yake, bima yake

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima, bila dhuluma, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia na Serikali. Fuatilia upande wa Serikali. Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF iliondoka, ikaja SHA. Mzazi hahesabiwi mtegemezi kwenye bima ya mtoto wake, kwa hiyo mwandikishe kwa jina lake mwenyewe, kwa simu kupitia *147# au kwenye kituo cha afya. Wasio na mshahara hupimwa hali ya kipato, mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka. Akishaandikishwa, matibabu ya kawaida kwenye zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 yapo chini ya mfuko wa afya ya msingi. Kumlaza hospitali kubwa kunahitaji mchango uwe umelipwa. Usingoje alazwe ndipo uanze kujaza.

Mfahamu pia mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Serikali ilizindua jeshi la watu 100,000 hivi Septemba 2023, wakipewa vifaa vya kupima presha na sukari nyumbani. Kituo cha afya kitakuambia wako ni nani. Aliyefikisha miaka 70 aulizie kwa chifu kuhusu posho ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo ni zake. Anayezipokea kwa niaba yake ampe mkononi, aamue mwenyewe kama ni sadaka au ni ugoro.

Halafu ardhi. Bei za mashamba Ruiru na Thika zimefanya hati ya guka kuwa kitu cha kuwindwa, na mara nyingi wawindaji ni watu wa nyumbani. Asitie sahihi wala kidole gumba akiwa mgonjwa, akiwa na usingizi wa dawa, au akiwa na mtoto mmoja tu chumbani. Wosia aufanye akiwa timamu, mbele ya wakili wake mwenyewe.

Anapobaki kitandani

Ikifika hapo, ageuzwe kila saa mbili, visigino vielee juu ya mto visiguse godoro. Kagua mgongo, nyonga na visigino kila siku. Wekundu usiopotea ukiubonyeza ndio mwanzo wa kidonda, na hapo usisugue, ondoa uzito. Ale akiwa ameketi, abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Msafishe kinywa hata kama hana meno. Badilisha nepi kabla hajaomba, funga mlango, mfunike sehemu usiyoiosha, mweleze unachofanya hata kama hajibu. Muuguzi wa kituo chenu akufundishe kumgeuza kwa shuka, mgongo wako usije ukavunjika.

Anayemtunza

Kwenye familia nyingi kazi hii humwangukia binti mmoja, aghalabu asiyeolewa au asiye na ajira, na ndugu wengine hutuma pesa na maagizo. Akichoka anaambiwa ana bahati kubarikiwa na mama. Mlezi asiyelala huanza kufoka, kisha kubana mkono kwa nguvu, kisha kuficha. Kaeni kikao. Pesa ya dawa iwe na mweka hazina na daftari. Msichana wa kazi alipwe kwa kazi ya uuguzi anayofanya, awe na siku ya mapumziko, na alale usiku mzima angalau nusu ya wiki, mtu wa familia akishika zamu. Kaka aliye Nairobi anaweza kushika Ijumaa usiku hadi Jumapili; barabara ni ile ile anayopita akienda mazishini. Dada aliye ng'ambo apange likizo yake kwa wiki mbili ambazo binti yule ataondoka kabisa, simu ikiwa imezimwa. Andikeni majina na tarehe kwenye karatasi moja, mbele ya mama mwenyewe, mumwulize anapendelea kuogeshwa na nani.